Msomi na Ng'ombe wa Baba Yake

Watu wa laini zetu za polisi walimwita Msomi, na mwanzoni hawakumwita hivyo kwa heshima. Walilitamka jina hilo kwa midomo iliyopinda kidogo, kama mtu anavyoweza kumwita kibogoyo Mtafunamifupa. Yeye aliitika. Ukimwita Msomi kutoka bombani alitoka na ndoo yake, na kama ulikuwa unamdhihaki, dhihaka ilikuishia mdomoni.

Mimi nilikuwa mke wa koplo, na chumba chetu kilipakana na vyumba viwili vya kaka yake, Sajini, ambako dada huyo aliishi. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba kiasi kwamba Sajini akikohoa, mwanangu Zaituni alishtuka usingizini. Mengi ninayoyasimulia hapa niliyaona kwa macho. Mengine niliyasikia bila kutega sikio.

Laini hizo zilikuwa chini ya kilima cha Old Kampala, na ndani yake tulikaa watu wa kila upande. Mimi ni Mlugbara na Mwislamu. Mume wangu na Sajini walikuwa Waacholi na Wakristo. Waganda walikuwa wachache. Tuliunganishwa na Kiswahili cha kambini, Kiswahili kilichokatwa mikono na miguu, lakini kikitumwa kilifika. Msomi alijua na kile kingine kirefu cha vitabuni, ila hakukitumia kwetu. Alisema lugha ni kama viatu, hauvai vya harusi kwenda chooni.

Alikuwa mrefu, mwenye shingo ndefu na macho yaliyochelewa kupepesa. Alitembea upesi kama mtu aliyeacha chungu motoni, na kumbe hakuwa na chungu chochote, maana hakujua kupika. Ugali wake, ambao sisi tuliuita posho, ulikuwa na madonge ambayo watoto wa Sajini waliyachomoa kwa vidole na kuyapanga pembeni mwa sahani. Aliogopa radi. Mvua ikianza kunguruma, mwanamke huyo aliyekwenda hadi chuo kikuu alikuja chumbani kwangu, akakaa kati ya kitanda na ukuta na kumpakata Zaituni, akisema amekuja kumliwaza mtoto.

Alikuwa mchoyo wa chumvi. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Chumvi ilipoadimika mjini, alificha yake ndani ya soksi, na ukimwomba alikupa kijiko kimoja huku akikitazama kijiko hadi kinakwenda. Lakini mwanamke huyohuyo alimpa mke wa mlinzi blanketi lake jipya, wiki nzima akalala amejifunika koti.

Kilichotutisha zaidi kilikuwa maswali yake. Palikuwa na mama mmoja Mkongo, mkimbizi, aliyekuja langoni kutuuzia samaki wakavu. Sisi wengine tuliuliza bei, tukapunguziwa, tukaenda zetu. Msomi alichuchumaa mbele ya kapu.

"Mama, huyu samaki ametoka ziwa gani?"

"Ziwa la kwetu, dada."

"Aliyemvua alipewa ngapi? Na barabarani mlilipa nani na nani?"

Mama Mkongo alicheka, kisha akaacha kucheka na kutazama huku na huku. Siku zile mtu aliyeuliza hivyo aliweza kuwa jasusi, na hata kama si jasusi, jasusi aliweza kuwa amesimama nyuma yake. Nilimvuta mkono hadi chumbani kwangu nikafunga mlango.

"Wewe, unataka kutuua?" nikamwambia. "Samaki ni samaki. Nunua, kula."

"Kitu hakianzii pale unapokiona, Mama Zaituni," akajibu. Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Alilisema juu ya samaki, juu ya bei ya mkaa, juu ya ulevi wa askari wa chumba cha kona. Nililisikia mara nyingi hadi likaanza kuniudhi.

Sasa niseme habari ya digrii, maana ndiyo iliyomletea jina.

Chuo kikuu kililipiwa na serikali, kama ilivyokuwa kwa wote waliofaulu wakati ule. Lakini mtu hafiki chuo kikuu bila kupita sekondari, na sekondari ya Msomi ililipiwa na ng'ombe wa baba yao. Ng'ombe hao hawakuwa wa bure. Walikuwa mahari ya Sajini. Baba yao alikuwa amewatenga ili mwanawe aoe, kisha binti akafaulu, na mzee akamwita Sajini na kumwuliza kama anaweza kungoja. Sajini akasema ataweza. Wakati huo alikuwa kijana, polisi mpya, na alidhani kungoja ni jambo la mwaka mmoja.

Akamchukua mwanamke aliyempenda bila kumlipia. Wakazaa. Kila baba mkwe alipokuja Kampala, alikataa kulala nyumbani kwa Sajini. Alikaa nje juu ya kigoda chake mwenyewe, akala chakula cha binti yake akiwa amewapa mgongo, na kusema kwa sauti kwamba yeye hajaoza mtu hapa, amekuja tu kumtembelea binti aliyeibwa. Sajini aliyasikia hayo akiwa na sare mwilini. Aliyameza, kwa sababu kule chuoni dada yake alikuwa anasomea uwakili, na wakili mmoja angelipa ng'ombe wote kwa mwaka.

Siku Msomi alipomaliza masomo tulifanya karamu uani. Sajini alinunua kreti mbili za soda, mume wangu akatoa mbuzi. Baba mkwe alikuja kutoka kijijini na safari hii alikaa akitutazama. Sajini alisimama, akapangusa kofia yake, akasema kwa Kiswahili ili sote tusikie:

"Leo nyumba yangu imepata wakili."

Watu wakapiga vigelegele. Msomi alikuwa amesimama karibu na sufuria. Akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, mimi si wakili."

Sajini alitabasamu, akidhani ni unyenyekevu. "Bado kidogo tu, najua. Kuna mtihani mwingine."

"Hapana, kaka. Niliacha sheria mwaka wa kwanza. Nimesoma mchanganyiko."

Sajini akaishusha kofia yake.

"Mchanganyiko wa nini?"

"Uchumi, historia, ardhi, na lugha za watu. Namna vinavyogusana. Ni masomo mapya, walitupokea wachache."

"Kwa hiyo wewe ni nani?" Sajini aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyepotea njia anavyomwuliza mpita njia. "Wakili ni wakili. Daktari ni daktari. Wewe watu watakuitaje?"

Msomi alikuwa na maelezo mengi, nilimwona usoni, lakini jina la kazi hakuwa nalo. Ndipo baba mkwe akaweka sahani yake chini.

"Kumbe ng'ombe wa binti yangu," alisema, "wamekwenda kununua mchanganyiko."

Aliondoka usiku uleule, na sisi tuliobaki hatukujua tufanye nini na soda. Nilikuwa nimezaliwa na kukulia katika maisha ya kambi, nimeona watu wakifukuzwa kazi na wake wakirudishwa kwao, lakini sikuwahi kuona nyumba ikianguka kwa neno moja namna ile. Kesho yake asubuhi, Msomi alipotoka kwenda bombani, mke wa mlinzi alimsalimu, "Umeamkaje, Msomi?" Jina likabaki.

Alitafuta kazi muda mrefu. Ofisi ya ardhi ilimwambia kwamba yeye ni mtu wa historia. Benki ilimwambia kwamba yeye ni mtu wa ardhi. Mwishowe shule moja ya Old Kampala ilimpa vipindi vya hapa na pale, vile ambavyo mwalimu wa kudumu hakuvitaka. Mshahara ulikuwa mdogo. Mwisho wa mwezi aliugawa, akampelekea Sajini nusu kwa mikono miwili. Kupitia ukuta nilisikia noti zikihesabiwa, kisha sauti ya Sajini ikisema neno moja tu: "Bado."

Yeye alijibu, "Najua, kaka."

Ndipo ukaja mwaka Wahindi walipofukuzwa. Serikali ya kijeshi iligawa maduka yao kama mtu anavyogawa nyama ya mzoga, mwenye kisu kirefu akikata kwanza. Mkuu mmoja wa Sajini alikuwa kwenye kamati ya kugawa. Alimpenda Sajini, au alimwonea huruma. Akamwita.

"Sajini, dada yako ana digrii, siyo?"

"Anayo, afande."

"Duka linataka mtu wa kuandika na kusoma. Lete yeye atie sahihi, duka ni yenu."

Sajini alirudi nyumbani akiwa na funguo mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu ile karamu nilimsikia akipiga mluzi. Duka la vitambaa, Old Kampala, limejaa hadi darini. Mwezi mmoja wa duka kama lile, mahari ingelipwa na baba mkwe angeacha kigoda chake kijijini. Alituita sote tukaone. Tulikwenda mchana, yeye, mkewe, mimi, na Msomi nyuma yetu.

Ndani palikuwa na harufu ya vitambaa vipya na ya kitu kilichooza. Juu ya meza palikuwa na kikombe cha chai kilichoota ukungu. Mwenye duka alikuwa ameondoka katikati ya chai yake. Mke wa Sajini alishika jora la hariri akaliweka shavuni, akaanza kulia kwa furaha. Msomi hakushika kitu. Alizunguka rafu zote polepole, mikono nyuma.

"Vitambaa hivi vikiisha, kaka, vingine vitatoka wapi?"

"Tutanunua."

"Kwa nani? Aliyejua kunakonunuliwa amepanda ndege. Duka si rafu. Hili litakuwa tupu kabla ya mwaka kwisha, na siku hiyo watakuja kukuuliza wewe uliweka wapi mali."

"Basi tule sasa kabla ya mwaka kwisha."

"Tena si letu," akasema.

Sajini alimtazama dada yake kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto. "Wewe mwenye deni," alisema taratibu, "unachagua mlango wa kulipia?"

"Sitatia sahihi, kaka."

Hakutia. Funguo zilirudi kwa mkuu, na duka akapewa mtu mwingine ambaye kabla ya mwezi kwisha watu walikuwa wanamwita mafuta mingi, jina walilopewa wote walionenepa kwa mali ile. Mimi nilipigwa na butwaa. Nilirudi nyumbani nimechukia kwa niaba ya mke wa Sajini, na kwa siku kadhaa sikumpa Msomi salamu kamili. Na asidhani mtu kwamba alikuwa malaika. Wiki hiyohiyo nilimwona amevaa koti zuri la sufu, alilolinunua kwa bei ya bure kutoka kwa familia iliyokuwa inafunga mizigo kwenda uwanja wa ndege. Nilimwuliza na hilo ni la nani. "Nililipa," akajibu kwa ukali. Koti sikuliona tena.

Sajini aliacha kuzungumza naye. Waliishi nyumba moja kama watu wawili wanaongoja basi. Mwisho wa mwezi ndipo niliposikia sauti zao, "Bado," na, "Najua, kaka."

Kisha jeshi, ambalo liliwashuku watu wa kabila la Sajini kuwa maadui, liliwachukua polisi wetu mchana, jua likiwa utosini. Tangazo lilisema askari polisi wa kutoka kaskazini waende uwanjani kupokea malimbikizo ya mishahara, na Sajini alipiga kiwi viatu vyake kwa sababu alidhani anakwenda kupokea fedha. Walipokusanyika, lori la jeshi likaingia kwa nyuma. Mume wangu aliponea kwa kuwa alikuwa zamu barabara ya Bombo, na hawakurudi kumtafuta. Sisi wanawake tulisimama milangoni tukiona vichwa vya waume na kaka zetu vikiyumba ndani ya lori. Kofia ya Sajini ilianguka langoni. Mkewe akaenda akaiokota.

Tulisikia wamepelekwa kwenye kambi moja ya jeshi nje ya mji, ambayo jina lake sitalitaja. Wanawake wakaanza kwenda kusimama langoni. Nilikwenda pia, kumsindikiza mke wa Sajini, ambaye siku ya pili miguu yake ilikataa akabaki na watoto. Msomi aliendelea kwenda, nami nikaenda naye. Askari wa lango alitufukuza kila asubuhi.

"Nyinyi wamama, toka hapa. Hapa hapana mtu yenu."

Tulirudi nyuma hatua chache, tukasimama tena.

Mkuu wa kambi ile alikuwa meja mmoja. Kampala nzima ilijua kwamba alikuwa pia amepewa kiwanda cha sabuni, kilichoachwa na wenyewe, na kwamba tangu akipate kiwanda hicho hakijatoa hata kipande. Sabuni ilikuwa imepotea mjini. Tulifua kwa majani ya mpapai. Asubuhi moja gari la meja lilitoka likazuiwa na umati wa wanawake, naye akashusha kioo ili atutukane. Kabla sijajua kinachotendeka, Msomi alikuwa amefika dirishani.

"Afande," alisema, "kiwanda chako hakitoi sabuni."

Kaka yake alikuwa ndani ya ukuta ule, hai au maiti hatukujua, na yeye anazungumza habari ya sabuni.

"Nani naambia wewe?" meja akauliza.

"Nguo za askari wako, afande. Ziangalie."

Askari wa lango akalitazama shati lake. Meja pia akalitazama. "Mashine naharibika," alisema. "Wahindi waliharibu."

"Mashine ni nzima. Haina chakula. Sabuni inatoka kwa mafuta. Mafuta inatoka kwa mbegu ya pamba. Pamba inalimwa kwetu, kaskazini. Mkulima alileta pamba, akapewa karatasi badala ya pesa. Mwaka uliofuata akapanda muhogo. Ukipiga fundi, ukipiga karani, sabuni haitoki. Lipa mkulima, tuma lori, sabuni itatoka."

Meja alifungua mlango akashuka. Alikuwa mtu mkubwa kuliko nilivyodhani. Wanawake wote tulirudi nyuma, Msomi akabaki pale alipo. Sauti yake ilikuwa ileile aliyozungumzia samaki.

"Wewe nasoma nini?"

"Mchanganyiko, afande."

"Hiyo ni nini?"

"Ndiyo hiyo nimekueleza sasa."

Baadaye nilifahamu kwamba na meja alikuwa na hofu yake. Wakubwa wake walitaka sabuni, na aliyeshindwa siku zile hakuandikiwa onyo.

"Wewe naweza kuleta hiyo sabuni?"

"Naweza. Lakini kaka yangu yumo humo ndani." Akataja jina la Sajini.

"Hao ni adui ya serikali."

"Afande, kaka yangu ndiye alinisomesha. Alitoa mahari yake mimi nikasoma. Kichwa hiki ni chake. Kama yeye ni adui, basi hata kichwa hiki ni cha adui, na hakiwezi kufanya kazi kwako."

Askari wa lango alibadili bunduki yake kutoka bega hili hadi lile. Kisha meja akamwambia Msomi, "Kesho asubuhi wewe nakuja kiwanda," akarudi garini.

"Nitakuja, afande. Nikishamwona nyumbani."

Gari likaondoka. Wanawake wengine walimzunguka, mmoja akamshika nguo kifuani. "Na wangu? Kwa nini hukutaja na wangu?" Msomi aliutoa mkono ule taratibu. Tulipofika barabarani alikaa chini kwenye majani. Nilikaa kando yake.

"Ningetaja majina mawili asingetoa hata moja," alisema. Aliyasema hayo tena na tena hadi nyumbani.

Sajini aliletwa jioni iliyofuata kwa gari la mizigo, akashushwa langoni kama gunia. Katika wote waliopandishwa lile lori, ni yeye peke yake niliyemwona akirudi. Hakuweza kusimama wima, na hakuwahi kusimama wima tena. Dereva aliyemleta alimwambia, "Una bahati, mzee. Kuna mkubwa anakujua." Sajini aliamini kwamba mkubwa huyo ni yule mkuu wake wa polisi, wa duka. Alimwombea dua mtu yule kila siku, kwa jina.

Nilitaka kumwambia ukweli asubuhi iliyofuata. Msomi alinifuata bombani.

"Usimwambie, Mama Zaituni."

"Kwa nini? Si atakuheshimu?"

"Akijua, atajiona kama ng'ombe. Ameuzwa, amenunuliwa. Mwache apone kwanza." Akanishika kifundo cha mkono. "Niahidi."

Nikamwahidi, nikidhani ni jambo la wiki chache.

Akaenda kiwandani, kwa maana hilo lilikuwa sharti. Gari la jeshi lilimchukua asubuhi na kumrudisha jioni. Alikwenda na malori hadi kaskazini, akazungumza na wakulima kwa lugha zao, na baada ya miezi kadhaa sabuni ikatoka, ya kahawia, yenye kunuka, lakini sabuni. Wale wanawake wa langoni walimwona akipita ndani ya gari lile. Mmoja alitema mate. Laini zetu hazikumwita tena Msomi. Walimwita Mke wa Meja, jambo ambalo halikuwa kweli. Naye aliitika.

Lakini la Sajini ndilo lililonitesa. Alikuwa amelala kitandani, mgongo umejaa mistari, na kila asubuhi alisikia honi ya gari la watu waliompiga ikimwita dada yake. Nilimsikia kupitia ukuta.

"Duka la Mhindi uliliogopa. Damu yangu huiogopi?"

Nikasikia dada yake akivaa viatu.

"Ng'ombe wa baba yangu," alisema Sajini. "Digrii. Ndiyo faida yake hii."

"Samahani, kaka," nikamsikia akisema.

Nilikuwa nimeshika ufagio. Niliuma kitambaa cha kichwa changu ili nisipige ukuta ule kwa ngumi.

Muda si mrefu Sajini aliachishwa kazi, akahamia Bwaise, mtaa wa bondeni mjini humohumo, na familia yake, vyumba viwili vya kupanga karibu na mtaro. Mume wangu aliomba uhamisho, tukaenda Arua karibu na wazazi wangu. Miaka ikapita. Serikali ilikuwa ileile.

Nilirudi Kampala mara moja kabla ya vita vilivyoiangusha serikali hiyo, kumleta Zaituni hospitali apimwe macho. Niliwatafuta. Bwaise ilikuwa imejaa maji, watu wamepanga matofali ya kukanyaga, na nilikuta kitanda cha Sajini kimeinuliwa juu ya mawe. Alikuwa amezeeka vibaya. Kifua chake kililia kama mlango. Mkewe alifurahi kuniona, akanieleza kwa kunong'ona kwamba ng'ombe wa mwisho wa mahari alikuwa amefika kwa baba yake. Wote walikuwa wametoka kwa wifi yake, mmoja mmoja, mwaka hadi mwaka. Mzee alikuwa amekubali hatimaye kulala ndani ya nyumba.

Msomi aliingia tukiwa tunakunywa chai. Nywele zake zilikuwa na mvi upande mmoja. Tulikumbatiana muda mrefu. Alileta sukari na dawa ya kifua, akaviweka mezani, akasogea pembeni kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.

Sajini alijiinua kwa kiwiko. "Vizuri umekuja leo, Mama Zaituni yupo," alisema. "Nilikuwa nangoja shahidi asiye wa ukoo."

Mkewe akaacha kumimina chai.

"Mahari imelipwa," Sajini aliendelea, akivuta pumzi kati ya maneno. "Lakini mahari haikuwa deni lote. Kuna miaka niliyotukanwa. Kuna duka. Kuna kwenda kwake kwa wale watu, wakati mimi nimelala kitandani. Hayo hayana ng'ombe. Nimefikiri sana. Sitaki kufa namdai dada yangu." Akamtazama, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Nimekusamehe. Yote. Mama Zaituni, umesikia."

Niliweka kikombe chini, nikafungua mdomo. Ahadi ya wiki chache nilikuwa nimeibeba miaka, na hapo niliona siwezi tena. Lakini Msomi alikuwa amekwisha kupiga magoti, pale penye maji, mikono yote miwili mbele yake.

"Asante, kaka," alisema. "Asante sana."

Sajini aliweka mkono juu ya kichwa chake na kumbariki kwa Kiacholi. Mkewe alikuwa analia. Mimi nikakichukua tena kikombe changu.

Msomi alinisindikiza hadi barabara ya Bombo. Tuliruka matofali hadi tukafika pakavu, na hapo nikashindwa kujizuia.

"Umempigia magoti," nikasema. "Mtu uliyemtoa kaburini anakusamehe, na wewe unamshukuru. Mimi nimeshangaa mengi kwako, lakini hili silielewi. Kwa nini hukumwambia hata leo?"

Alisimama, akakamua maji kwenye upindo wa gauni lake. Nilidhani anacheka, kumbe alikuwa analia.

"Wewe ulimtazama usoni?" akaniuliza. "Walimrudisha nyumbani hana kitu, Mama Zaituni. Kazi, mgongo, hata sauti. Tangu siku ile, yeye ni wa kupewa tu. Sukari, dawa, uji. Leo ametoa. Ulimwona alivyokuwa mkubwa?"

Basi la mjini likasimama. Alinisukuma ndani kwa mkono uliolowa, akamwambia kondakta anishushe karibu na hospitali, kisha akageuka akarudi kule kwenye maji, kwa sababu Sajini alikuwa bado hajanywa dawa yake.